Je, wajua kwa nini flashi yenye nguvu ndogo ndiyo inayogandisha mabawa ya ndege mvumaji?

Mwezi Mei binamu yangu anayeishi Columbus, Ohio, alinitumia picha kwa simu. Ndege mdogo amesimama hewani mbele ya chupa nyekundu ya maji ya sukari, iliyotundikwa nyuma ya nyumba yake, na manyoya ya bawa lake yanahesabika moja moja. Nikamwuliza shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, ilifunguka kwa muda gani, nikitarajia 1/4000 ya sekunde au hata 1/8000. "Dada, nilipiga 1/250," akaandika. Nikamwambia amekosea namba. Hakukosea. Akaongeza kwamba flashi zote alizipunguza mpaka 1/32 ya nguvu yake kamili.

Shata ya polepole, flashi iliyopunguzwa, halafu bawa linalopiga mara 50 kwa sekunde likatoka kama limechorwa kwa kalamu. Mimi mwenyewe nimepiga ndege wanaoruka kwa 1/1000 na nikapata ukungu mahali pa mabawa. Ilinibidi nilichimbe jambo hili mpaka chini.

Kwanza ndege mwenyewe, maana huku kwetu hayupo. Ndege wavumaji, zaidi ya spishi 300, wanaishi mabara ya Amerika peke yake. Yule ambaye watu wengi wa Afrika Mashariki humdhania kuwa mvumaji ni chozi, yule mwenye mdomo uliopinda na manyoya ya kumeta, anayenyonya maua ya mishubiri na migomba. Chozi akitaka kunywa, kwa kawaida hutua kwenye shina. Anaweza kuning'inia hewani kidogo, lakini si kazi yake ya kila siku. Mvumaji hunywa akiwa angani, na mvumo wa mabawa yake ndio uliompa jina. Huyo wa Ohio ni mvumaji wa koo jekundu, ambaye wanasayansi humwita Archilochus colubris. Ana uzito wa gramu 3 hivi, na mashariki mwa Amerika Kaskazini ndiye mvumaji pekee anayezaliana huko.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonifumbua macho. Bawa lake lina urefu wa kama sentimita 4 na nusu. Anaposimama hewani hulipeleka mbele na kulirudisha nyuma mara 50 hivi katika kila sekunde. Ukikadiria safari ya ncha ya bawa, kwenda na kurudi, unapata mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde. Basi shata ikifunguka kwa 1/250 ya sekunde, ncha hiyo itasogea zaidi ya sentimita 4, karibu urefu wa bawa zima. Kwa 1/1000 itasogea milimita 11. Hata kwa 1/4000 bado ni karibu milimita 3, na kwa ndege mdogo kiasi hiki hizo si chache. Ili ncha isogee nusu milimita tu, unahitaji 1/20,000 ya sekunde. Mapazia ya shata ya kawaida hayafiki huko.

Flashi inafika. Kamera huandika picha kwa mwanga tu. Tuseme mlango umeachwa wazi kwa 1/250 ya sekunde, lakini ndani kuna giza, kisha taa ikawaka na kuzimika kwa 1/20,000 ya sekunde. Sensa, yaani kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha, itakuwa imemwona ndege kwa muda ule mfupi wa taa peke yake. Kabla ya hapo haikuona kitu, na baada ya hapo haikuona kitu. Kinachofanya kazi ya shata ni mwanga wenyewe, na shata ya kamera imebaki kama bawabu tu.

Na nguvu ndogo inaingiaje? Hapa ndipo nilipokuwa nimepotea, kwa sababu nilidhani kupunguza nguvu ni kufifisha mwanga, kama mtu anavyopunguza utambi wa taa ya chemni. Sivyo. Ndani ya flashi kuna kapasita inayohifadhi umeme, na bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Umeme ukipita kwenye gesi, gesi inawaka kwa ukali. Ukitaka nguvu kamili, flashi inauacha umeme umwagike mpaka uishe, na hilo huchukua kama 1/1000 ya sekunde, wakati mwingine zaidi. Ukitaka nguvu ya 1/32, flashi ndogo za kisasa hazipunguzi ukali. Zinaanza vilevile, halafu swichi ya kielektroniki inaukata umeme njiani. Mwanga umekuwa mdogo kwa sababu umekuwa mfupi. Kwa nguvu ya 1/16 au 1/32, muda wake unashuka mpaka kati ya 1/10,000 na 1/20,000 ya sekunde, kutegemea modeli. Flashi ile ile uliyonunua kwa ajili ya harusi inaweza kusimamisha bawa la mvumaji, ilimradi uipunguze.

Lakini si kila flashi. Flashi nyingi za studio za zamani hupunguza nguvu kwa kuijaza kapasita umeme hafifu, na hizo zikipunguzwa mwanga wake hurefuka badala ya kufupika. Mtego mwingine umo kwenye menyu ya kamera: ule mtindo unaoruhusu flashi ifanye kazi hata kwa shata ya 1/2000 au 1/4000. Katika mtindo huo flashi haipigi mara moja. Inapapatika mfululizo kwa muda wote ambao upenyo kati ya mapazia mawili ya shata unapita mbele ya sensa, na kazi ya kugandisha inarudi kwenye shata, ambayo tumeshaona haitoshi. Ndiyo sababu binamu alibaki kwenye 1/250. Kwa kamera nyingi hiyo ndiyo kasi ya mwisho ambayo sensa nzima inakuwa wazi kwa wakati mmoja, tayari kupokea pigo moja la mwanga.

Mwanga uliokatwa mapema ni mchache, na dawa yake ni kusogea. Ukiileta flashi kutoka mita 2 mpaka nusu mita, umeukaribia mlengwa mara nne, na mwanga unaomfikia unaongezeka mara 16. Yaani flashi ya nguvu ya 1/16 iliyo nusu mita kutoka kwa ndege inampa mwanga sawasawa na flashi ya nguvu kamili iliyo mita 2. Hapa chupa ya maji ya sukari inakuwa na maana kubwa kuliko lenzi ya bei. Mvumaji wa porini hujui atatokea wapi. Wa kwenye chupa anarudi mahali pale pale kila baada ya dakika chache, kwa hiyo flashi zinafungwa kwenye stendi kabla hajaja. Binamu ameziba matundu yote ya chupa yake na kuacha moja. Halafu hapigi picha ndege akiwa na mdomo ndani ya tundu. Mvumaji hunywa kidogo, hurudi nyuma kiasi cha shubiri moja akiwa bado hewani, kisha husogea tena. Ni pale anaporudi nyuma ndipo picha inapopatikana, bila plastiki ya chupa ndani ya fremu.

Lililobaki ni giza, na wengi huharibikia hapa. Mwanga wa mchana ukiingia kwenye picha pamoja na wa flashi, unapata ndege wawili katika mmoja: bawa kali la flashi, na juu yake kivuli cha bawa lililotandazwa na mwanga wa mchana. Kwa hiyo chupa inatundikwa kivulini, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inashushwa mpaka 100, na tundu la lenzi linabanwa mpaka liwe dogo sana, f/16. Kwa mpangilio huo mwanga wa kivulini hautimizi hata sehemu moja ya kumi ya unaohitajika. Kipimo chake ni chepesi: zima flashi zote, piga picha moja. Ikitoka nyeusi, au karibu na nyeusi, uko sawa. Ikionyesha majani na ukuta, rekebisha kwanza.

Ila giza hilo linameza na mandhari. Mwanga wa flashi haufiki kwenye miti ya mbali, na ndege anaonekana kama anaruka usiku wa manane, ilhali mvumaji ni kiumbe wa mchana. Mimi picha hizo zinanisumbua hata zikiwa safi kiasi gani, kwa kuwa zinasema jambo ambalo si kweli kuhusu ndege. Ndiyo maana wapigapicha huweka ubao uliopakwa rangi ya kijani, au picha kubwa ya majani yenye ukungu, kama mita moja nyuma ya chupa, na kuupa flashi yake.

Kuna zawadi moja ambayo sikuitarajia. Koo la dume ni jekundu kama kaa la moto, lakini akigeuka kidogo linakuwa jeusi. Wekundu huo haumo kwenye unyoya kama rangi ilivyo kwenye kitenge. Unatokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya, zinazorudisha mwanga wa rangi fulani kuelekea upande fulani tu. Flashi ikikaa karibu na lenzi, usawa wa ndege, koo linawaka. Ikikaa pembeni peke yake, unapoteza kilicho kizuri kuliko vyote. Chozi wetu naye anameta kwa njia ya namna hiyo, na kwake jaribio hili unaweza kulifanya kesho asubuhi.

Kazi hii haikuanza jana. Harold Edgerton wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyetengeneza taa za kumweka kwa kasi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwapiga picha wavumaji kwa taa hizo. Baada yake Crawford Greenewalt, aliyekuwa rais wa kampuni ya kemikali ya DuPont, alizunguka Amerika na flashi za kasi, na mwaka 1960 akatoa kitabu kizima cha picha za wavumaji.

Na ndege je, anaumia? Mwanga wa 1/32 ni mdogo, na wavumaji wengi huendelea kunywa kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini akishtuka na kuondoka kila flashi inapowaka, mpigapicha ndiye wa kuondoka. Kiotani isipigwe kabisa. Jioni pia namwomba binamu azizime mapema, kwa sababu mvumaji hulala na akiba ndogo sana ya chakula, na usiku wa baridi huushusha joto la mwili wake sana ili asife njaa. Mlo wa mwisho kabla ya giza si wa kusumbuliwa. Maji yenyewe ni kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila rangi na bila asali, na chupa huoshwa kila baada ya siku chache, zaidi wakati wa joto.

Kufikia Septemba wavumaji wa Ohio huwa wameanza kuelekea kusini, na wengi wao huivuka Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 800, bila kutua. Kabla ya safari hunenepa mpaka kukaribia uzito maradufu. Binamu huzishusha flashi mwanzoni mwa mwezi huo, akakunja na ubao wa kijani. Chupa huiacha imejaa mpaka Oktoba, kwa ajili ya waliochelewa.