Je, wajua kwa nini daktari anakupima presha na sukari ukimwendea na shida ya chumbani?

Juzi usiku tuko kwenye kahawa hapa Mji wa Kale, Mombasa, rafiki yangu mmoja akanivuta pembeni akaniambia polepole kuwa yapata miezi sita mambo ya chumbani hayaendi, supu ya pweza kanywa mpaka muuzaji anamjua kwa jina, wapi. Mwisho akajikaza akaenda kwa daktari, na daktari badala ya kumpa vidonge akamfunga mkono kupima presha, akamtoboa kidole, akamzungushia futi kiunoni. Karudi na hasira. "Mie nimempelekea shida ya huku, yeye ashughulika na mkono!"

Wallahi yule daktari alikuwa sawa kabisa, na inaniuma kwamba wanaume wengi hawajaelezwa hili.

Uume unasimama kwa damu. Ukipata hamu, mishipa ya damu inalegea na damu inajaa, basi. Sasa mishipa ya huko ni myembamba, kama milimita 1 au 2, ile ya moyo ni 3 mpaka 4, na sukari, presha na sigara zinaharibu yote kwa pamoja lakini ule mwembamba ndo unaanza kuonyesha. Ndo mana mtu aweza kushindwa kitandani leo, halafu miaka 2 mpaka 5 baadaye moyo nao ukaanza kumsumbua. Kwa hiyo daktari akikupima presha anatafuta pale damu ilipokwama.

Halafu kuna maswali, na usione haya. Asubuhi ukiamka inasimama? Ilianza ghafla au kidogo kidogo? Kama alfajiri iko sawa lakini ukiwa na mke inagoma, mara nyingi mishipa ni mizima na tatizo ni mawazo, deni, ugomvi, au ile hofu tu ya kushindwa tena. Atakuuliza pia dawa unazomeza, mwagia mfuko wote mezani, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo zinapunguza nguvu, ila usiziache mwenyewe, mwambie akubadilishie. Homoni ya kiume wanapima asubuhi, ndo wakati iko juu.

Vidonge vipo. Sildenafil, ile ijulikanayo kama Viagra, ilikuwa inajaribiwa Uingereza kwa maumivu ya kifua, wakagundua kazi yake nyingine, na Marekani wakaipitisha 1998. Haileti hamu, inafungua njia ya damu tu, na ukishiba biriani ya mafuta itachelewa kufanya kazi. Lakini tafadhali sana, kama unatumia dawa za moyo za naitreti usiiguse, presha yaweza kuporomoka ukafa. Na zile unga za "mitishamba" za mtaani nyingine zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa hiyo hiyo bila kuandikwa, yani unameza usichokijua.

Wanawake nao wamesahaulika mno. Mama anaumia kila mara, anaambiwa vumilia ndo ndoa, kumbe ni ukavu wa kunyonyesha au wa kukoma hedhi, au misuli inajikaza yenyewe bila yeye kutaka. Hayo yote yanatibika: kilainishi, krimu ya homoni, mazoezi ya kulegeza misuli taratibu na mtaalamu. Dada yangu, maumivu si adabu, nenda useme.

Rafiki yangu sukari ilitoka 14, iko juu sana, na hakuwa na habari. Safari ya pili daktari alimwambia aje na mkewe, na yule mama ndo akasema mambo ambayo bwana hakuyataja: sigara za usiku, soda kila mlo, kutolala. Vidonge kapewa pia. Sa hii jioni ukipita pale ufukweni Mama Ngina utawaona wote wawili wanatembea, yeye mbele kidogo, mkewe anamwambia ongeza mwendo.