Mario havunji matofali kwa kichwa

Kwenye kibanda cha gemu pale Majengo, Dodoma, ubishi ni ule ule: "Jamaa ana kichwa kigumu huyu!" Wanamsema Mario, fundi bomba wa gemu za kampuni ya Nintendo anayeruka na kuvunja matofali. Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi.

Sivyo. Simamisha Super Mario Bros., gemu la mwaka 1985, Mario akiwa hewani, hasa akishakula uyoga na kuwa mkubwa, kisha sogeza macho karibu na kioo. Mkono mmoja ameunyoosha juu, kakunja ngumi. Ngumi ndiyo inayogonga tofali. Lakini kachoro kenyewe ni kadogo na mruko ni wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo jicho linanasa kofia tu.

Udogo huo huo ndio uliompa sura. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo, alipomchora kwa ajili ya gemu la Donkey Kong la 1981, alimvisha kofia ili akwepe kuchora nywele, na masharubu yakaifanya pua ionekane. Enzi hizo Mario alikuwa seremala, jambo ambalo pale kibandani hawalikubali kabisa. Ufundi bomba ulikuja 1983, kwenye gemu jingine, Mario Bros.