Uraia wa Uingereza huanza kwenye kiapo

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Uingereza huamini kwamba wameshakuwa raia mara tu Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo inapowaandikia kuwa ombi lao limekubaliwa. Kisheria, mtu mzima aliyeomba uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni kwa maombi, huwa raia pale anapokula kiapo cha utii na kutoa ahadi ya uaminifu katika hafla ya uraia. Utaratibu huo ulitokana na sheria ya mwaka 2002, na hafla ya kwanza ilifanyika Brent, London, Februari 2004.

Ukishapata barua ya mwaliko, wasiliana na halmashauri ya eneo lako upangiwe siku, kwa kuwa kwa kawaida unatakiwa kuhudhuria ndani ya miezi 3. Gharama ya hafla ya pamoja huwa imeshalipwa ndani ya ada ya maombi, lakini anayetaka hafla ya peke yake hulipia zaidi. Mwenye dharura ya kweli, kama vile ugonjwa, aombe kuongezewa muda mapema, kwani kunyamaza kunaweza kumpotezea uraia wenyewe pamoja na ada.

Siku hiyo fika mapema ukiwa na barua ya mwaliko na kitambulisho. Mezani, kabla ya kuingia ukumbini, ofisa huhakiki taarifa zako. Nasisitiza usome jina lako herufi kwa herufi, kwa sababu majina yetu huharibika kirahisi, kwa mfano Mwanakombo likikatwa kuwa majina mawili, na kosa likishaingia kwenye hati ya uraia huchukua muda na fedha kulirekebisha. Hapo pia utaulizwa kama utaapa kwa jina la Mungu au utathibitisha bila kumtaja. Njia zote mbili zina nguvu sawa kisheria, kwa hiyo asikushurutishe mtu. Maneno huongozwa na msajili kipande kwa kipande, nanyi mnayarudia: utii kwa Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake, kisha ahadi ya kuheshimu haki, uhuru na sheria za nchi.

Jambo ninalotaka lifikiriwe kabla ya siku hiyo ni uraia wa nyumbani. Mkenya wa kuzaliwa analindwa na Katiba ya mwaka 2010, inayomruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, ila anapaswa kuutangaza uraia huo mpya kwa mamlaka za Kenya ndani ya miezi 3. Mtanzania mtu mzima yuko katika hali tofauti kabisa, kwani chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 anapoteza uraia wake anapoupata mwingine kwa hiari. Mwenye kiwanja au nyumba Tanzania atafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kuapa.

Usikate tiketi ya safari ya wiki inayofuata hafla. Kibali chako cha ukaazi hukoma unapokuwa raia, na hati ya uraia utakayokabidhiwa siyo hati ya kusafiria. Kazi yake ya kwanza ni kuambatanishwa na maombi ya pasipoti ya Uingereza, ambayo ni vyema uyawasilishe mara baada ya hafla.