"Urejeshaji" baada ya mafuta kumwagika: neno na majirani zake

Kwa mara ya nne au ya tano sasa nasikia mtu akilalamika kwamba kaunti fulani ya Florida "ilipewa fidia ya kusafisha mafuta yaliyomwagwa na kampuni ya BP, ikaenda kujengea mabomba ya maji taka." Mlalamikaji hutikisa kichwa, msikilizaji naye hutikisa, na neno linalofuata huwa ni ufisadi. Ufisadi upo duniani, sikatai. Lakini sentensi hiyo ina makosa mawili ya msamiati, na ukishayaondoa, lawama inabaki haina pa kushika.

Maana kwanza, tuimalize haraka. Urejeshaji wa ubora wa maji ya pwani ni kazi inayofanywa ili maji, viumbe waishio humo na makazi yao vifikie hali ambayo vingekuwa nayo leo kama mafuta yasingemwagika, pamoja na kulipia kile kilichokosekana katika miaka ya kungojea. Basi. Kinachowapoteza watu ni majirani watatu wa neno hili, yaani usafishaji, faini na fidia. Kila mmoja ana pesa zake, sheria yake na mpokeaji wake, ila huvaa kanzu za rangi moja.

Ajali ya Deepwater Horizon ni darasa zuri kwa sababu yote manne yalilipwa, tena hadharani. Mtambo huo, uliokuwa ukiichimbia BP mafuta, ulilipuka tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko ukaua wafanyakazi 11. Kisima kilichokuwa chini yake, kwenye kina cha takriban mita 1,500, kilitapika mafuta kwa siku 87 mpaka kilipozibwa tarehe 15 Julai. Mahakama baadaye ilikadiria kwamba mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini.

Usafishaji ni ule uliofuata papo hapo: maboya ya kuzuia mafuta yasisambae, meli za kuyakomba, kemikali za kuyatawanya, vibarua wenye mifuko wakiokota madonge ya lami ufukweni. BP iliulipia kando, nje kabisa ya pesa ninazozieleza hapa chini. Na usafishaji una mwisho wake. Ufukwe unakaguliwa, unatangazwa kuwa safi, vibarua wanaondoka. Kwa hiyo kaunti inayopokea pesa miaka kumi baadaye haiendi kufuta mafuta. Hilo ni kosa la kwanza, na ndilo jepesi.

Kosa la pili lina mizizi mirefu zaidi. Tarehe 4 Aprili 2016 mahakama ya New Orleans iliidhinisha makubaliano ya dola bilioni 20.8 kati ya BP, serikali ya Marekani na majimbo matano ya Ghuba. Watu husikia jumla hiyo wakaiita yote "fidia". Ndani yake mna mafungu yasiyofanana hata kidogo. Dola bilioni 5.5 ni faini chini ya Sheria ya Maji Safi. Hadi dola bilioni 8.8 ni za uharibifu wa maliasili, ikiwemo bilioni moja iliyokuwa imeahidiwa tangu awali. Dola bilioni 5.9 zilikwenda kwa majimbo na serikali za mitaa kwa hasara zao za kiuchumi: kodi ambazo hazikukusanywa, watalii ambao hawakuja. Hizi za mwisho ndizo fidia kwa maana tunayoitumia leo, na halmashauri iliyopata sehemu yake ingeweza kuzitia kwenye bajeti yake ya kawaida bila kumkosea mtu.

Faini ni jambo jingine. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake wa Kilatini maana yake ni "mwisho". Faini ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. Ndiyo maana haiulizi jeraha liko wapi. Aliyekosa analipa, mamlaka inapokea, shauri linakwisha, na mamlaka inaamua yenyewe pesa ziende wapi. Kwa kawaida faini ya namna hii ingeishia kwenye mfuko wa serikali kuu. Ila mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoamuru asilimia 80 ya faini za ajali hii, za BP na za kampuni nyingine zilizohusika, zirudi Ghuba.

Sheria hiyo inaitwa RESTORE, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Restore kwa Kiingereza ni kurejesha, basi kila mfasiri huandika "fedha za urejeshaji" na kuendelea na safari yake. Kumbe ni kifupisho kilichoshonwa kwa nguvu ili kipate kusomeka vizuri. Kifungue uone: herufi T ni ya watalii, na E ya mwisho ni ya uchumi. Wabunge hawakuficha kitu. Sheria inaruhusu kaunti itumie pesa zake kwa makazi ya samaki na vinamasi, lakini pia kwa bandari, kinga za mafuriko, mafunzo ya kazi, hata kutangaza utalii na samaki wa Ghuba. Ni pesa za faini zilizobandikwa jina la urejeshaji.

Ukilielewa hilo, fumbo jingine linafunguka. Asilimia 35 ya faini hizo zilizorudi Ghuba inagawanywa sawa kwa majimbo matano, na huko Florida sehemu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye kaunti. Robo tatu zinakwenda kwa kaunti 8 za kaskazini-magharibi, kutoka Escambia hadi Wakulla, zile zilizoumizwa zaidi. Robo inayobaki wanagawana kaunti nyingine 15 za upande wa Ghuba, mpaka Monroe kule kwenye visiwa vya kusini kabisa. Watu huuliza, kaunti ambayo ufukwe wake haukuona mafuta inalipwa nini? Wangekuwa na haki ya kuuliza kama hiyo ingekuwa fidia. Ni mgawo wa faini, na mgawo hufuata sheria iliyouandika.

Tena kaunti haipewi gunia la noti. Inaandika mpango wa miaka kadhaa, inauweka hadharani wananchi watoe maoni kwa siku zisizopungua 45, inaomba ruzuku kwa Hazina, na gharama za uendeshaji haziruhusiwi kuvuka asilimia 3. Ruzuku, neno la Kiarabu la riziki, kile Mola anachokushushia bila kukudai risiti. Sijui nani aliyelichagua kwa jambo lenye makaratasi mengi namna hii.

Sasa fidia. Neno limetoka kwenye Kiarabu, fidya, kutokana na kitenzi cha kukomboa: kutoa kitu ili kitu kingine kiachiliwe. Wasomaji wa Injili ya Mathayo kwa Kiswahili wanalijua kwenye "fidia ya wengi". Waislamu wanalijua vizuri zaidi, kwenye mfungo. Aliyefungua Ramadhani kwa homa au safari hulipa baadaye, siku kwa siku, saumu kwa saumu. Mzee sana, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hawezi kulipa hivyo. Yeye hutoa fidia, humlisha maskini kwa kila siku iliyompita. Hakuna anayedai kwamba sahani ya chakula imegeuka saumu. Sheria imekubali tu kwamba kimoja kisimame mahali pa kingine, kwa kipimo kinachojulikana.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi, maana hivyo ndivyo sheria ya Marekani inavyouelewa urejeshaji. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka huko Alaska, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya uchafuzi wa mafuta. Inamtaka mharibifu agharamie kurejesha kilichoharibika, au kukikarabati, au kuweka kingine mahali pake, au kupata kinacholingana nacho. Vitenzi vinne, na kimoja tu ndicho kurejesha kwa maana ya kawaida. Viwili vya mwisho ni fidia ya mfungo mtupu. Alaska kwenyewe, sehemu ya zile dola milioni 900 za suluhu ya mwaka 1991 ilinunulia misitu na ardhi ili zisikatwe miti. Msitu haukuwa na tone la mafuta. Ila ndege na samaki wa pale walikuwa wamepata hasara, na makazi yaliyosalimika yalihesabiwa kuwa malipo yao.

Neno letu ndilo linalotuponza. Rejea na rejesha vyatokana na Kiarabu cha kurudi. Kurejesha ni kukirudisha kile kile pale pale: nimekuazima jembe, nirejeshee jembe. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa wameligandisha zaidi, kwao marejesho ni pesa ya mkopo inayorudi kwa tarehe. Mtu mwenye masikio hayo akisikia "urejeshaji wa maji ya pwani" anatazamia kuona maji yale yale ya tarehe 19 Aprili 2010. Wafasiri wanamzidishia kwa kuandika "kurudisha katika hali ya awali". Sheria haisemi awali. Kipimo chake ni hali ambayo ingekuwepo leo bila ajali, na hiyo ni hesabu ya kitu ambacho hakikutokea. Kama ghuba ilikuwa inaharibika kwa sababu nyingine, mwenye mafuta hadaiwi kuifanya mpya. Kama ilikuwa inaendelea kupona, anadaiwa zaidi ya ile ya mwaka 2010.

Wala madhara yenyewe si mafuta peke yake. Mwaka 2010 Louisiana ilifungulia maji baridi ya mto kuelekea baharini ili yayasukume mafuta mbali na vinamasi. Chumvi ikapungua, chaza wakafa kwa wingi. Wale hawakuuawa na mafuta, waliuawa na mbinu ya kuyakwepa, na bado wanahesabiwa katika deni. (Louisiana inaziita kaunti zake kwa neno la parokia, urithi wa Wakatoliki. Ukisoma kwamba parokia imepokea mamilioni, usimtafute padri.)

Ndipo tunafika kwenye mabomba. Huwezi kushuka mita 1,500 ukavipa uhai tena viumbe vilivyokufa huko, wala huwezi kumrudishia samaki mayai ya mwaka ule. Unachoweza ni kutafuta kinachoyaumiza maji ya pwani leo ukakipunguza. Sehemu kubwa ya pwani ya Florida, kinachoyaumiza ni naitrojeni na fosforasi. Makaro ya maji taka ya nyumbani yamechimbwa kwenye mchanga, na mchanga hauzuii nitrati, huipitisha kama chujio la matundu makubwa. Mvua nayo huosha mbolea za bustani na uchafu wa barabara. Vyote hivyo huishia kwenye hori la karibu, mwani mdogo unastawi, maji yanafifia, jua halifiki chini, na nyasi bahari zinakufa. Nyasi hizo ndizo shule ya chekechea ya samaki na kamba. Mwani ukioza unamaliza oksijeni, na kilichosalia kinakimbia au kinakufa.

Kwa hiyo kuzitoa nyumba kwenye makaro na kuziunganisha na bomba la maji taka, au kuchimba bwawa la kutulizia maji ya mvua kabla hayajafika baharini, ni urejeshaji kamili kisheria, na kwa maoni yangu ni urejeshaji wenye akili. Hata katika lile fungu la maliasili, ambalo si faini na lina masharti makali zaidi, Florida ilitengewa dola milioni 300 kwa ubora wa maji tu.

Neno bora tunalo, ndilo linalonisikitisha. Watu wa misitu na wanyamapori Tanzania husema kuongoa: kuongoa ardhi iliyochakaa, kuongoa shoroba za tembo. Kuongoa ni kutia kwenye njia iliyo sawa, na ndugu yake ni kuongoka. Aliyeongoka harudishwi mahali fulani pa zamani, anawekwa kwenye mwendo mwingine. Maji ya ghuba nayo ndivyo yanavyofanywa. Sitamlazimisha mtu, "urejeshaji" umeshaota mizizi na ofisi zimeshauchapa kwenye mabango.

Ila ile sentensi ya mwanzo, tafadhali, tuiseme hivi: kaunti ilipata sehemu yake ya faini, ikaitumia kuongoa maji yake kwa kujenga mabomba ya maji taka. Na kama kaunti hiyo imejenga bomba, miaka ikapita, na nitrati kwenye hori lake haijashuka, njoo tulalamike pamoja.