Gugumaji Ziwa Victoria: dhana potofu kuhusu kazi ya serikali

Dhana: Serikali ikinunua mashine ya kuvuna, ziwa litasafishika.

Hekta moja ya gugumaji lililoshonana huwa na uzito wa tani 200 na zaidi, na karibu asilimia 95 ya uzito huo ni maji. Mavuno yakirundikwa ufukweni bila malori wala eneo la kuyatupa, mawimbi huyarudisha ziwani. Mashine inafaa bandarini, kwenye mabomba ya kuchotea maji na kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, Uganda, ambako hakuna muda wa kusubiri. Hata huko, bila fungu la vipuri na mwendeshaji aliyefunzwa, haichukui muda kabla ya kuegeshwa.

Dhana: Fukusi, wadudu wanaokula gugumaji, wakishaachiliwa, kazi imekwisha.

Dhana hii ndiyo iliyotugharimu zaidi. Fukusi aina ya Neochetina waliachiliwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1995 na upande wa Kenya mwaka 1997. Kufikia mwisho wa muongo huo gugu lilikuwa limepungua sana, mawimbi ya El Niño ya 1997/98 yakisaidia. Lakini gugu likizama, fukusi hupungua nalo, huku mbegu zikibaki hai kwenye tope miaka 15 na zaidi. Zikichipua, mimea hutangulia na wadudu huchelewa, kwa kuwa kutoka yai hadi fukusi mzima ni takriban miezi mitatu.

Kwa hiyo matangi ya kuzalishia fukusi yabaki na mtunzaji hata miaka ambayo ziwa linang'aa: mimea mibichi ibadilishwe, maji yatiwe mbolea. Afisa wa ufuoni achunguze ghuba zilezile kila mwezi, ahesabu makovu yanayoachwa na fukusi wanapokula majani machanga na kukata vikonyo vya majani kutafuta mabuu. Makovu yakiwa machache, aagize wadudu mapema.

Dhana: Pesa za dharura zitapatikana gugu likionekana.

Mwaka wa fedha huanza Julai; gugu halisubiri. Likiongezeka maradufu kila siku 15, hekta 10 huwa 640 ndani ya miezi mitatu.

Dhana: Kunyunyizia dawa kunaharakisha kazi ya fukusi.

Mabuu huishi ndani ya vikonyo. Mmea ukifa ghafla na kuzama, nao huzama. Ghuba za fukusi zitengwe kwenye ramani, zisiguswe na dawa wala mashine.

Dhana: Hili ni jukumu la wizara ya kilimo.

Gugu hunenepeshwa na majitaka ya miji na mbolea inayosombwa kutoka mashambani, na Mto Kagera hulileta kutoka Rwanda. Mtaalamu wa fukusi hana mamlaka juu ya mabwawa ya majitaka. Makubaliano ya maandishi yataje nani anahesabu, nani anaamua, na taarifa ivuke mpaka ndani ya siku ngapi.