Msikatae mionzi mkisubiri sindano ya kinga

Wiki hii tena hapa Tabora: mzee mwenye saratani ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni), rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, mkononi, nauli ya treni imeshachangwa, halafu mwanawe ananiambia, "Daktari, tumesikia akichomwa mionzi kinga inakufa, ile sindano ya kisasa haitamsaidia tena. Bora tusubiri." Hapana, mwanangu. Msisubiri. Sindano hiyo si chanjo; ni dawa inayoiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani.

Tuanze na jaribio la CheckMate 141 la mwaka 2016, la saratani za kichwa na shingo. Wagonjwa 361, wote walishapata dawa jamii ya platinamu na saratani ikaendelea au ikarudi ndani ya miezi 6. Wengi wao walishachomwa mionzi pia. Theluthi mbili ya hao hao ndio waliopewa nivolumabu, mojawapo ya sindano hizo za kisasa. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 36 walikuwa hai; kwa waliopewa dawa za kawaida, asilimia 17 hivi. Si muujiza, ila kinga iliyokufa haiwezi kufanya hivyo.

Kinachoniudhi ni kwamba uvumi huu una chembe ya ukweli ndani yake. Mionzi ya shingo hushusha limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga kwenye damu, na tezi za shingoni ndiko aina yake moja, seli T, zinakofundishwa kuitambua saratani. Kwa hiyo swali la maana si kama umechomwa. Ni lini, wapi, na pamoja na nini. Mwaka 2021 jaribio la JAVELIN liliweka avelumabu, sindano nyingine ya kinga, sambamba na mionzi na sisplatini, dawa ya jamii ya platinamu, na halikuleta faida. Mwaka 2025 jaribio la KEYNOTE-689 lilianza na pembrolizumabu, nayo sindano ya kinga, kabla ya upasuaji, na nusu ya wagonjwa wakakaa miezi 51.8 au zaidi, dhidi ya 30.4 kwa wasioipata, kabla ya ugonjwa kuwarudia au jambo baya jingine kutokea. Na hata hao walichomwa mionzi baada ya kisu! Mimi naamini siri ni dawa kuikuta tezi na uvimbe vikiwa bado mahali pake. Naamini tu, majaribio hayo mawili hayafanani kiasi cha kuthibitisha hilo.

Kwenye CheckMate 141, waliowahi kupata setuksimabu, dawa nyingine ya saratani hizi, walionekana kunufaika na nivolumabu kwa kiasi kidogo kuliko wasiowahi kuipata. Lakini hesabu hiyo ilifanywa baadaye, na pengine walikuwa wagonjwa mahututi zaidi tangu mwanzo. Simnyimi mtu dawa kwa sababu hiyo.

Wanaosubiri nawapokea mdomo ukifunguka vidole viwili tu, shingo ngumu kama ubao, uji unapita kwa shida. Hapo hata mionzi ya kuponya imeshawapita.

Mkirudi kutoka Bugando au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nileteeni karatasi ya ruhusa. Naangalia kwanza tarehe ya sisplatini ya mwisho: uvimbe ukirudi kabla ya miezi 6 nafuata njia moja, ukirudi baadaye nafuata nyingine.