Seli za maabara huonyesha Alzheimer

Wengi huamini kwamba ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu na kujijenga ubongoni kwa miongo, hauwezi kuonekana kwenye seli za maabara. Si kweli. Mwaka 2014, watafiti Doo Yeon Kim, Rudolph Tanzi na wenzao huko Boston, Marekani, walizipa seli za neva za binadamu kasoro za jeni za APP na PSEN1, zile zinazosababisha ugonjwa huu na kurithiwa katika familia chache, wakazikuza ndani ya jeli. Jeli ndiyo iliyoleta tofauti kubwa: protini ya amiloidi haikusombwa na majimaji ya kukuzia seli, ikarundikana kwa wiki kadhaa tu, kisha protini ya tau ikajisokota ndani ya seli, alama mbili kuu za ugonjwa huu ubongoni. Walipozuia vimeng'enya vinavyozalisha amiloidi, hata tau ilipungua! Panya wenye kasoro hizo hawakuonyesha mfuatano huo kikamilifu.